Kurahisisha mitajo ya trigonometria ukiwa umepewa uhusiano wa sin na cos: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya aina hii yana sura moja. Unapewa sentensi fupi kama sin x + cos x = 7/5, halafu unaulizwa thamani ya kitu kingine kabisa, tuseme sin³ x + cos³ x au tan x + cot x. Katika majibu yote hapa chini, s ni sin x na c ni cos x, ili mistari isijae herufi. Pembe zote ziko kwa nyuzi.

Nimepewa sin x + cos x = 7/5. Naanzia wapi?

Pandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili:

(s + c)² = 49/25
s² + 2sc + c² = 49/25

Kwa kuwa s² + c² = 1 kwa pembe yoyote ile, mstari wa pili unakuwa:

1 + 2sc = 49/25
2sc = 24/25
sc = 12/25

Hapo kazi ngumu imekwisha. Sasa unajua jumla (7/5) na zao (12/25), na mtajo wowote usiobadilika pale s na c zinapobadilishana nafasi unaweza kuandikwa kwa kutumia hivyo viwili tu. Tazama:

tan x + cot x = s/c + c/s = (s² + c²)/sc = 1/sc = 25/12

1/s + 1/c = (s + c)/sc = 7/5 × 25/12 = 35/12

s³ + c³ = (s + c)(s² − sc + c²) = 7/5 × (1 − 12/25) = 7/5 × 13/25 = 91/125

s⁴ + c⁴ = (s² + c²)² − 2s²c² = 1 − 2(144/625) = 337/625

s⁶ + c⁶ = 1 − 3s²c² = 1 − 432/625 = 193/625

Mstari wa mwisho unatokana na kanuni ya jumla ya vipeo vya tatu, ila safari hii zinazojumlishwa ni s² na c², na jumla yake ni 1. Ukiijaribu mwenyewe mara moja kwenye karatasi ya rafu hutahitaji kuikariri.

Si rahisi zaidi kutafuta x kwa kikokotoo, kisha kuingiza kwenye mtajo?

Kwa kuhakiki, ndiyo. Kwa kujibu, hapana, na sababu ni tatu.

Kwanza, sin x + cos x = 7/5 ina majibu mawili kati ya 0 na 90: takriban 36.87 na 53.13. Kwa s³ + c³ haijalishi umechukua lipi, lakini ukiulizwa tan x, moja inatoa 3/4 na nyingine 4/3. Anayekimbilia kikokotoo huona pembe moja tu na hajui kuwa ya pili ipo.

Pili, 91/125 ni 0.728 kamili. Ukipitia pembe uliyoikata kwenye nafasi mbili za desimali unaweza kupata namba iliyo karibu na hiyo bila kuwa hiyo. Swali likisema "thibitisha" au likitaka jibu lenye kipeuo, ukaribu huo haukupatii alama.

Tatu, mara nyingi upande wa kulia huwa na herufi badala ya namba, na herufi haina kitufe.

Na ikiwa nimepewa sin x + cos x = p?

Hatua ni zilezile:

sc = (p² − 1)/2
s³ + c³ = p(1 − sc) = p(3 − p²)/2
tan x + cot x = 2/(p² − 1)

Angalia mstari wa mwisho. Kama p ni 1 au −1, asili inakuwa sifuri. Maana yake sc = 0, yaani sin x au cos x mojawapo ni sifuri, kwa hiyo tan x au cot x haipo. Andika "p² ≠ 1" pembeni ya jibu. Ni sharti dogo ambalo wengi hulisahau.

Tukiwa hapohapo: sin 2x = 2sc = p² − 1. Ukikuta swali linaloanza na jumla na kuishia na sin 2x, ni la mistari miwili.

Kwa nini nisiseme tu kwamba (sin x + cos x)² ni 1?

Kwa sababu umesahau 2sc. Chukua x = 45: sin na cos zote ni √2/2, jumla yake ni √2, na √2 × √2 ni 2. Kipeo cha pili cha jumla si jumla ya vipeo vya pili. Hilo ni kosa la aljebra, trigonometria haina lawama.

Natakiwa nipate sin x − cos x. Nimepata ± na sijui nichague ipi.

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, kwa hiyo twende polepole. Kwa mfano wetu wa 7/5:

(s − c)² = 1 − 2sc = 1 − 24/25 = 1/25
s − c = 1/5 au −1/5

Bila taarifa nyingine, majibu yote mawili ni halali na yote mawili lazima yaandikwe. Kinachochagua ni mipaka ya pembe. Kati ya 0 na 45, cos ni kubwa kuliko sin, kwa hiyo s − c ni hasi. Kati ya 45 na 90 ni chanya. Swali likisema tu kwamba "x ni pembe kali", haitoshi kuchagua.

Sasa chukua sin x + cos x = 1/5, na x iko kati ya 0 na 180.

1 + 2sc = 1/25
sc = −12/25

Zao ni hasi. Hiyo peke yake inasema mengi: s na c zina alama tofauti. Kati ya 0 na 180 sin si hasi kamwe, basi cos ndiyo hasi, na x iko robo ya pili, kati ya 90 na 180. Namba chanya ukiitoa namba hasi lazima upate chanya:

(s − c)² = 1 + 24/25 = 49/25
s − c = 7/5, si −7/5

Jumlisha na s + c = 1/5, upate 2s = 8/5, hivyo s = 4/5, c = −3/5, na tan x = −4/3. Mwanafunzi aliyeandika s − c = −7/5 angepata s = −3/5, jambo lisilowezekana kwenye mipaka aliyopewa, ila hesabu zake zingeendelea kutiririka bila kumzuia. Desturi nzuri ni hii: kila unapofungua kipeuo cha pili, simama, uandike mstari mmoja wa maneno unaoeleza kwa nini umechagua + au −. Msahihishaji anautafuta mstari huo.

Nikipewa tofauti badala ya jumla?

Geuza alama tu. Kwa s − c = 1/2:

1 − 2sc = 1/4, hivyo sc = 3/8
s³ − c³ = (s − c)(1 + sc) = 1/2 × 11/8 = 11/16
(s + c)² = 1 + 3/4 = 7/4, hivyo s + c = ±√7/2

Zao 3/8 ni chanya, kwa hiyo x iko robo ya kwanza (chukua +) au robo ya tatu (chukua −). Kwenye s³ − c³ mabano ya pili yana 1 + sc. Anayekariri kanuni ya jumla peke yake huweka 1 − sc.

Nimefanya kila kitu sawasawa, lakini jibu linaonekana la ajabu. Je, swali lenyewe linaweza kuwa na kosa?

Linaweza, na hutokea zaidi kwenye mazoezi ya kujitungia. Mfano ni sin x + cos x = 3/2. Fuata hatua:

sc = (9/4 − 1)/2 = 5/8
tan x + cot x = 8/5

Hakuna kilichokwama, namba ni safi kabisa. Lakini pembe kama hiyo haipo. Tunaweza kuandika s + c = √2 sin(x + 45), na sin haizidi 1, kwa hiyo jumla ya sin na cos ya pembe moja haiwezi kupita √2, takriban 1.414. Moja na nusu imeshapita. Ishara zake zinaonekana pia ndani ya majibu: sc haiwezi kuzidi 1/2, na 5/8 imezidi; tan x + cot x ikiwa chanya haiwezi kuwa chini ya 2; na ukijaribu (s − c)² unapata 1 − 5/4 = −1/4, kipeo cha pili kilicho hasi.

Aljebra haijui mipaka ya sin na cos. Inachojua ni kwamba s² + c² = 1, basi. Kwa hiyo kabla ya kuanza, linganisha namba uliyopewa na 1.414. Ukikuta swali la namna hii kwenye mtihani, onyesha kwamba haliwezekani na uandike sababu.

Kuna njia ya 3 sin x + 4 cos x = 5? Vipeo vya pili vinaniletea fujo.

Vinaleta fujo kwa sababu s² na c² sasa zina vizidishi tofauti, 9 na 16, na haziungani kuwa 1. Tumia uhusiano huu:

(as + bc)² + (ac − bs)² = a² + b²

Fungua mabano uone: 2absc inafutana na −2absc, kinachobaki ni a²(s² + c²) + b²(s² + c²). Kwa a = 3 na b = 4:

25 + (3c − 4s)² = 25
3c − 4s = 0
tan x = 3/4

Kwa ujumla, kama as + bc = m, basi ac − bs = ±√(a² + b² − m²). Ukikuta m² ni kubwa kuliko a² + b², rudi kwenye jibu lililotangulia: pembe haipo.

Kuwa makini na mpangilio. Kwenye mtajo wa pili vizidishi vimebadilishana, a imekwenda kwa cos na b kwa sin, na kuna alama ya kutoa. Ukiandika as − bc badala yake, 2absc itafutana, lakini kitakachobaki ni 2a²s² + 2b²c², na a na b zikitofautiana hakitaungana kuwa a² + b².

Thibitisha: kama cos x + sin x = √2 cos x, basi cos x − sin x = √2 sin x. Nimefika kwenye ±. Je, nimekwama?

Hukukwama, umechagua njia yenye deni. Kwa vipeo vya pili:

(c + s)² + (c − s)² = 2
2c² + (c − s)² = 2
(c − s)² = 2 − 2c² = 2s²
c − s = ±√2 s

Hapa wengi hufuta ile − kimyakimya na kuandika "imethibitishwa". Haijathibitishwa. Njia isiyo na vipeo vya pili ni fupi na haina shaka yoyote:

s = √2 c − c = (√2 − 1)c

Zidisha pande zote kwa (√2 + 1). Kwa kuwa (√2 − 1)(√2 + 1) = 1:

√2 s + s = c
c − s = √2 s

Uhusiano uliopewa ukiwa na s na c za kipeo cha kwanza tu, bila namba iliyosimama peke yake, usikimbilie kipeo cha pili. Panga upya kwanza.

Nimepewa sin x + sin² x = 1 na naulizwa cos² x + cos⁴ x. Hapa jumla na zao vinaingiaje?

Haviingii. Hili ni swali la kubadilisha nguo: hamisha sin² x upande wa pili, upate sin x = 1 − sin² x, yaani

sin x = cos² x

Basi cos⁴ x = sin² x, na mtajo mzima ni sin x + sin² x, ambao umeshaambiwa ni 1.

Watunga mitihani hulivalisha swali hilihili joho refu: tafuta thamani ya cos¹² x + 3cos¹⁰ x + 3cos⁸ x + cos⁶ x. Ukiona 1, 3, 3, 1 fikiria kipeo cha tatu cha jumla. Mtajo huo ni (cos⁴ x + cos² x)³, na jibu ni 1. Ukitaka kuhakikisha kwamba pembe ipo, tatua mlinganyo kama wa kawaida wa kipeo cha pili: sin x = (√5 − 1)/2, takriban 0.618, na x ni karibu nyuzi 38.17. Jibu lingine, (−√5 − 1)/2, liko chini ya −1, kwa hiyo linatupwa.

Nikipewa 5 sin x = 4 cos x, au tan x = 4/5, nichore pembetatu?

Unaweza, ila kuna njia ya haraka kama kila kijisehemu cha mtajo kina kipeo sawa. Kwa (5s − 3c)/(5s + 2c), gawa kiasi na asili kwa c:

(5 tan x − 3)/(5 tan x + 2) = (4 − 3)/(4 + 2) = 1/6

Pembetatu ingekuletea √41 ambayo mwishoni ingefutika. Kwa vipeo vya pili, namba tupu inageuzwa kuwa namba hiyo mara (s² + c²). Kwa tan x = 2:

2s² − sc + 3 = [2s² − sc + 3(s² + c²)]/(s² + c²)

Gawa juu na chini kwa c²:

(8 − 2 + 15)/(4 + 1) = 21/5

Uzuri wa njia hii ni kwamba alama ya sin na cos haikuhusu. Robo yoyote ile, jibu ni lilelile. Lakini mtajo kama 2s + 3, wenye kipeo cha kwanza kando ya namba tupu, hauingii hapa. Huo unahitaji pembetatu na unahitaji kujua robo.

Na sec x + tan x = 3?

Kumbuka sec x ni 1/cos x, na sec² x − tan² x = 1, yaani (sec x + tan x)(sec x − tan x) = 1. Ya kwanza ni 3, basi ya pili ni 1/3. Jumlisha: 2 sec x = 10/3, sec x = 5/3. Toa: tan x = 4/3. Kisha sin x = tan x ÷ sec x = 4/5. Hakuna ± hata moja.

Naruhusiwa kukata cos x pande zote mbili?

Ukiwa na uhakika kwamba si sifuri. Katika sin x cos x = cos x, ukikata unabaki na sin x = 1, na unapoteza x = 270, ambapo pande zote mbili ni sifuri. Toa cos x nje ya mabano badala yake: cos x (sin x − 1) = 0. Kwenye 5s = 4c hakuna hatari, kwa sababu c ikiwa sifuri, s nayo ingekuwa sifuri, na hizo mbili haziwi sifuri kwa pamoja.

Kukata neno "sin" lenyewe kwenye sin 3x/sin x na kubaki na 3 hakuruhusiwi kwa hali yoyote.

Nimetatua sin x + cos x = 1 nikapata 0, 90, 180 na 270. Kwa nini mawili yamewekewa mkasi?

Kwa sababu ulipopandisha kwenye kipeo cha pili ulipata sc = 0, na mstari huo hauwezi kutofautisha jumla ya 1 na jumla ya −1. Rudisha kila pembe kwenye mlinganyo wa mwanzo: 0 na 90 zinatoa 1; 180 na 270 zinatoa −1, zinaondoka. Kama mipaka inafika 360, nayo imo.

Nihakiki vipi jibu bila kupoteza muda?

Tunga swali lako dogo kwa 3, 4, 5: weka s = 3/5 na c = 4/5, kokotoa upande wa kushoto wa kanuni uliyoitumia, kisha wa kulia. Vikitofautiana, kanuni uliyoikumbuka ina kasoro. Kisha rudia kwa s = 4/5 na c = −3/5, maana kanuni iliyokosewa alama ya kujumlisha au kutoa mara nyingine hupita jaribio la robo ya kwanza na kuanguka kwenye la pili. Usihakiki kwa x = 45 peke yake: hapo sin na cos zinalingana, kwa hiyo hata aliyebadilisha moja kwa nyingine kimakosa ataona kila kitu kiko sawa. Na x = 0 inaficha kosa lolote lililo kwenye sc, kwa kuwa sc yenyewe ni sifuri.